Siku Niliyomwita Baba Akiwa Njiani

Watu wengi wakishuka Segera husikia harufu ya machungwa na nyama ya kuchoma. Mimi husikia breki. Malori yenye mizigo mizito huingia pale njia panda yakiwa yamechoka, na ile harufu ya breki zilizoungua huwa inakaa kooni kama moshi wa mpira. Mwezi uliopita nilikuwa pale nikimsubiri shangazi yangu atokaye Dar es Salaam. Lori moja likaegesha karibu yangu, dereva akashuka na ndoo, akamwagia maji magurudumu, mvuke ukapanda. Zamani mvuke ule ungenikimbiza. Safari hii nilinunua machungwa sita, nikaketi kwenye benchi la muuzaji, nikamenya moja nikala. Shangazi alipofika aliniuliza mbona ninatabasamu peke yangu. Nilimwambia ni hadithi ndefu, naye kwa kuwa alikuwa na njaa hakuuliza zaidi.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, trafiki, na kazi yake ilikuwa hapo hapo Segera. Sisi tulikaa Kwamsisi kwa Bibi, mama yake mzazi, kwa sababu Mama alikuwa na shamba na Baba alisema chumba chake cha Segera kinatosha mtu mmoja na viatu vyake. Alikuja nyumbani siku za mapumziko kwa pikipiki. Tulimsikia kabla hatujamwona, na mimi nilikuwa na haki ya kukaa mbele kwenye tangi la mafuta kuanzia kwenye mwembe wa jirani mpaka mlangoni kwetu.

Sare yake ilikuwa nyeupe, na weupe wake ulikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama aliifua kwa bluu, Bibi alisimamia makaa ya pasi yasirushe cheche, mimi nilinyunyiza maji kwa vidole. Hakuna mtu Kwamsisi aliyekuwa na nguo nyeupe namna ile isipokuwa maiti na mahujaji, na hujaji tulikuwa naye mmoja tu. Nikiishika kola iliyotoka kwenye pasi ilikuwa ya moto na ngumu, ikinuka makaa na sabuni ya mche. Mpaka leo nikipiga pasi shati la mume wangu huwa ninalisogeza puani kwanza, naye huniambia nguo ni ya kuvaa, si ya kula.

Mara moja tu Baba alinipeleka kuona kazi yake. Niliketi kwenye kibanda cha mama ntilie, nikamwona akiingia katikati ya barabara, akainua mkono wa kulia, na lori kubwa kuliko nyumba yetu likasimama mbele yake likitoa pumzi. Hakuna aliyenieleza kwamba kuna dereva ndani anayekanyaga kitu. Nilielewa nilichokiona, yaani mkono wa Baba ulikuwa na nguvu ya kusimamisha malori. Niliporudi nyumbani niliwatangazia wenzangu, na aliyebisha nilimwambia aende akajaribu wa kwake.

Bibi yangu alikuwa na masharti mengi, lakini moja alilishika kuliko yote. Mtu akishatoka nyumbani kwenda safari, usimwite arudi. Ukimwita umemkatia njia, na nuksi inaingia pale ilipokatwa. Kama amesahau kitu, mtoto anakimbia, anazunguka, anamtokea kwa mbele na kumkabidhi uso kwa uso. Na ikitokea mjinga kamwita, basi msafiri arudi ndani, akae chini kabisa, anywe maji, ndipo ainuke aanze safari mpya. Bibi alikuwa akisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kusema maji yachemshwe.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi. Bibi alikuwa ameshakwenda shambani na Mama yuko kisimani. Baba alinipapasa kichwa, akawasha pikipiki, akaondoka. Nikakumbuka kalamu. Mwalimu wetu alisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mimi nilitaka ya kwangu ili niwasahihishe wenzangu tukicheza shule, maana nilikuwa na hamu kubwa ya kumpa sifuri binti mmoja aliyekuwa akinionea. Ningeweza kukimbia na kumzunguka. Lakini pikipiki ilishafika kwenye mwembe wa jirani, na mimi sikutaka kukimbia. Nikaita, "Baba!" Hakusikia. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote.

Akageuza pikipiki, akarudi mpaka mlangoni, akauliza kuna nini. Nikamwambia kalamu. Akauliza kalamu gani, nikasema nyekundu. Alicheka sana. Nikamwambia akae kwanza, anywe maji, kwa sababu Bibi alisema. Akanijibu kwamba akikaa atachelewa, na kwamba maji atakunywa hukohuko. Akaondoka mara ya pili bila kukaa. Nilisimama pale mlangoni na kikombe cha maji mkononi mpaka mlio wa pikipiki ukaisha.

Habari ililetwa siku iliyofuata kabla ya jua kuzama, na askari wawili waliokuja kwa gari la polisi. Lori la viazi lilikuwa limelala ubavu karibu na Segera, viazi vimetapakaa lami nzima, na watu wakamiminika na ndoo na kanga kuviokota. Baba aliingia kuwatoa barabarani. Lori jingine likaja kwa nyuma, breki hazishiki. Aliwasukuma watu wakatoka, wote wakatoka, yeye akabaki amesimama na mkono juu. Nilimsikia askari akimwambia babu mdogo hivyo nje ya nyumba, kwamba Sajini aliinua mkono mpaka mwisho. Mama alipiga ukelele mmoja tu ndani, kisha akanyamaza, na unyamavu wake ulinitisha kuliko ukelele.

Wengine walijiuliza kwa nini. Mimi sikuwa na la kujiuliza. Mkono uliosimamisha malori yote ulishindwa na lori moja kwa sababu nguvu zake zilikatwa pale mlangoni kwetu, na nilijua nani alikata, na kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya kalamu. Kalamu yenyewe sijawahi kujua kama aliinunua.

Baba alizikwa Kwamsisi, akaswaliwa chini ya jua kali. Ndipo nilipomwona Koplo Mihayo kwa mara ya kwanza. Jina lake nilikuwa nalijua, kwa sababu Baba alikuwa akirudi nyumbani na visa vyake. Alikuwa Mnyamwezi wa Kwamndolwa, Korogwe, babu yake aliletwa kama manamba kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na hao wawili walitaniana kazini mpaka madereva wakawazoea. Baba alimwita mbeba mizigo, akisema Mnyamwezi akiona furushi la mtu mabega yanamwasha. Mihayo naye alisema Mzigua akishashika kikombe cha chai, hata simba akinguruma hainuki.

Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Anachimba kaburi, anabeba, anatumwa, na katikati ya kilio anafanya vituko ili waliofiwa wasizame moja kwa moja. Watu wazima wote pale walilijua hilo. Mimi nilikuwa bado sijazika mtu. Nikiwa nyuma ya jiko, nilimwona mwanamume mwenye mwili mkubwa akivaa koti la mvua la Baba, akasimama kwenye njia ya kuingilia uani, akainua mkono kama Baba, na kuanza kuwasimamisha waombolezaji. Alimsimamisha babu mdogo, akamtaka leseni ya kutembea na fimbo. Alimsimamisha imamu aliyekuja na baiskeli, akauliza kengele iko wapi, kisha akamwambia ashuke aisukume mpaka kituoni. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nilimsikia hata Mama, mle ndani kwenye mkeka, akitoa sauti iliyoanza kama kicheko. Nilidhani yule mtu amekuja kushangilia. Nilitamani lori limpate yeye.

Siku zilizofuata sikula. Si kwamba nilikataa. Nilichukua sahani yangu, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikawapa kuku. Niliona si haki nile chakula kilichopikwa kwa ajili ya mtu niliyemuua. Tena niliacha kumwita mtu yeyote. Mama akienda kisimani bila kata, sikumwambia, nilikimbia kupitia mihogoni na kumtokea mbele nikihema. Mbuzi akikata kamba, nilimzunguka. Nyumba ikiwa imejaa wageni nani atamwona mtoto anayekimbia huku na huku? Bibi alinishika mkono mara moja, akasema nimekuwa mwepesi kama karatasi, lakini alivutwa na mtu mwingine kabla sijajibu. Nilishukuru alivyovutwa, kwa sababu niliogopa kuliko kitu chochote kwamba ataniuliza nani alimwita mwanawe.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, watani walianza kuaga. Koplo Mihayo alishika njia kuelekea kwenye gari lililowasubiri barabarani, akaacha kofia yake ya kiraia kwenye kigoda. Mwanamke mmoja akanipa ile kofia na kuniambia mwite yule askari. Nikaichukua, nikaingia kwenye mahindi, nikakimbia nikizunguka shamba lote la jirani, nikachanwa na majani usoni, nikamtokea mbele kwenye njia na kumnyooshea kofia yake.

Aliitazama kofia, akanitazama mimi, akatazama nyuma alikotoka. Nyumba yetu ilikuwa karibu, hata mtu akikohoa ungemsikia.

"Mbona hukuniita, mama? Ungeita tu ningerudi," aliniambia.

Nilimwambia mtu akishatoka haitwi. Akauliza nani kasema, nikamjibu Bibi. Nilitaka kuishia hapo. Lakini mdomo uliendelea wenyewe, nikamwambia kwamba mimi nilimwita Baba, mara mbili, na kwamba hakukaa, na kwamba nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Kalamu sikuitaja. Niliona aibu.

Koplo Mihayo alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, akaigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Kisha akaanza kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kituoni.

"Sikiliza. Siku ile Sajini alifika Segera salama, akafanya kazi yake salama, akalala, akaamka. Kesho yake zamu ikaisha. Akaenda kwa mama ntilie, akakaa kwenye benchi. Akakaa kabisa, mpaka akavua viatu. Akanywa chai vikombe viwili. Ile safari uliyomwita wewe ikaisha pale. Umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa.

"Alipoinuka kwenda kwenye lile lori, hiyo ilikuwa safari nyingine. Na hiyo nilimwita mimi. Nilimwambia, we Mzigua, rudi umalize chai. Akageuka kunitazama, halafu akaenda."

"Ni wewe?" nilimuuliza.

"Ni mimi."

Akavaa kofia yake, akasimama, akaenda zake. Sikumwita, na yeye hakugeuka.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Najua tu kwamba nilirudi kwa kutembea, si kwa kukimbia, nikaingia jikoni, nikakuta sufuria la ugali wa wageni na maharage yaliyobaki. Nikakaa chini nikala mpaka tumbo likauma. Mama alipita mlangoni, akaniona, akashika nguzo ya mlango na kulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukelele. Mimi nilidhani analilia maharage. Usiku huo nililala bila kuota kitu. Nilikuwa mwepesi tena, lakini wepesi mzuri, kwa sababu sasa mwuaji alikuwa anajulikana na hakuwa mimi.

Hapo ndipo ninapojionea aibu kidogo. Koplo Mihayo hakutuacha. Kila Iddi, yeye Mkristo, alikuja Kwamsisi na sukari na mchele, akamtania Bibi mpaka Bibi akamtishia kwa mwiko, akakagua madaftari yangu, akaninunulia sare ya sekondari. Na kila alipokuja nilimpa shikamoo ya mdomoni tu, nikiangalia pembeni. Nikimpelekea chai nilikuwa naimimina nusu, kwa makusudi, nikikumbuka chai ambayo Baba hakuimalizia. Mama alinigombeza, akaniita mtoto asiye na fadhila. Kichwani mwangu nilijiona mwungwana, maana nilijua alichofanya na sikuwahi kumsemea kwa mtu.

Nilikua. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikajifunza kwamba lori husimamishwa na breki na kwamba sauti ya mtu haiwezi kukata njia ya mwingine. Lakini kinyongo hakikusoma pamoja na mimi. Kilibaki vilevile, na kwa kuwa sikuweza tena kuitetea sababu yake nilisema tu kwamba yule mzee ana makelele.

Nilipokaribia kuolewa, Mama alinituma Kwamndolwa kumpelekea Mzee Mihayo taarifa ya harusi kwa mdomo, kwa sababu mtani haalikwi kwa kadi. Alikuwa amestaafu, anaishi kwenye nyumba ya udongo aliyoipiga lipu mwenyewe, nyuma kuna mihogo na mchicha, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa barazani anapukuchua kunde. Mzee aliniuliza huyo mwanamume amekosa nini mpaka akaozeshwa Mzigua. Nilicheka, na labda kwa sababu ya furaha niliyokuwa nayo siku zile, nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba miaka yote nilimchukia kwa sababu yeye ndiye aliyemwita Baba siku ile alipoinuka kwenye chai.

Nilisema kama utani, lakini sauti yangu haikutoka kama utani.

Mama Kulwa aliacha kupukuchua. "Siku ipi?" aliuliza. "Siku aliyofariki Sajini? Mbona huyu hakuwa Segera. Alikuwa hapa Korogwe, mahakamani, kutoa ushahidi. Habari alizipatia hapa mlangoni kwetu aliporudi, akakaa chini na sare yake, mimi ndiye niliyemwinua."

Nilimgeukia mzee. Alikuwa anatazama mihogo yake kama mtu aliyekutwa anaiba.

Nikamuuliza alijuaje basi kwamba Baba alikaa, kwamba alivua viatu, kwamba alikunywa vikombe viwili.

"Sikujua," alisema. "Lakini nilifanya kazi na baba yako miaka mingi. Mzigua gani zamu imeisha asinywe chai?"

"Na kwamba wewe ndiye uliyemwita?"

Alijikuna kidevu, akamtazama mke wake, akanitazama mimi.

"Mtoto alikuwa hali chakula," alisema. "Kila mtu pale alikuwa analia, hakuna aliyeona. Mimi niliwaona wale kuku wanakula wali wa msiba. Ungefanyaje wewe?"

Kwa hiyo alijua. Alijua kwa nini shikamoo yangu ilikuwa ya mdomoni, alijua chai ya nusu kikombe ni ya nini, na kila Iddi alipanda gari akaja kuinywa. Nililia pale barazani kwa namna ambayo sikulia msibani, na katikati ya kulia nikahisi kifua kinafunguka, mpaka nikaogopa kwamba nitaanza kucheka. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikamshika mikono, nikamwomba radhi kwa Iddi zote, moja moja.

Macho ya Mzee Mihayo yalijaa machozi. Kisha akageuza shingo kwa mke wake.

"Mama Kulwa," alisema, "Mzigua anamwomba radhi Mnyamwezi. Anua nguo, mvua inakuja."

Jua lilikuwa linawaka. Mama Kulwa akaweka ungo wa kunde chini, akainuka, akaenda kuanua nguo.